Mtoto kazaliwa na kijimkia juu ya makalio, tufanyeje?

Kwani binadamu anazaliwa na mkia kweli?
Ndio, ila ni nadra mno. Na wote tulikuwa nao jamani, mimba ikiwa na wiki kama 5 kimkia kipo kabisa, ikifika wiki ya 8 kimeshanywea, kinachobaki ni kifandugu, kile kimfupa kinachouma ukikalia benchi gumu. Kwa wachache hubaki kinyama laini kama kidole kisicho na mfupa. Sio laana.

Bibi yake anataka tukifunge uzi kikauke kidondoke.
Shikamoo bibi, lakini hapana. Kinachoonekana nje ndio kidogo, kazi iko ndani, maana watoto wengi wa hivi pingili za chini za uti wa mgongo hazijafunga vizuri au kuna donge la mafuta limeshikana na ugwe mgongo, ule mshipa mkubwa wa fahamu, sasa wewe unakaza uzi hujui unakaza nini, na kidonda kikioza vijidudu vinaweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo.

Vipimo je?
Kichanga wa miezi mitatu ya kwanza, ultrasaundi ya mgongo inaona vizuri tu sababu mifupa bado laini. Akishakua ni MRI, kile kipimo cha picha za ndani kwa sumaku. Wanatafuta ugwe umeishia wapi, kawaida ni pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, ukikutwa chini zaidi ujue huenda umenasa, yaani umeshikwa na unavutwa chini.

Na operesheni?
Kama ni ngozi na nyama tu wanakata, wanashona, basi. Ugwe ukiwa umenasa, hapo ni daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, kama wale wa taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya CURE kule Mbale, Uganda, mtoto analazwa kifudifudi, pingili inafunguliwa, wanaulegeza ugwe wakitazama kwa hadubini, mafuta wanatoa yanayotoka salama, hawang'ang'anii yote. Mkia wenyewe ndio kazi ndogo kuliko zote.

Tukirudi nyumbani?
Nepi! Mshono uko jirani kabisa na choo, akichafua tu badilisha, usingoje. Ukivuja majimaji angavu kama maji, rudi siku hiyo hiyo. Na hata akianza shule endeleeni kumwangalia, ugwe unaweza kunasa tena anavyorefuka: alishaacha kukojoa kitandani sasa kaanza tena, choo kigumu, mguu mmoja mwembamba, kiatu kimoja kinalika upande.

Wetu hana mkia, ana kishimo tu.
Kikiwa na kina kifupi na kiko chini karibu na njia ya haja, mara nyingi hakina neno. Kikiwa juu zaidi, au kimezama ndani sana, au kina kishungi cha nywele, kapimeni.