Una kiu, unachoka, unakonda? Weka chupa chini, kapime sukari

Nakula ugali na sato nashiba, mbona sina nguvu?
Chakula, hasa ugali, hugeuka sukari kwenye damu. Ili sukari hiyo iingie kwenye misuli iwe nguvu, inahitaji insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana au ikishindwa kazi, sukari inajaa kwenye damu na misuli inabaki na njaa. Hicho ndicho kisukari. Mtu ameshiba, lakini akipanda kwake mlimani Igogo, hapa Mwanza, anapumzika njiani mara kadhaa.

Na kukosa hamu ya kazi?
Huenda ni tezi ya shingo, ambayo homoni yake huamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Ikipungua, unahisi baridi, unanenepa, choo kinakuwa kigumu. Hupimwa kwa damu. Ila wagonjwa ninaowaona sana ni wa sukari.

Nikichoka nakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Wavuvi wa dagaa, bodaboda, akina mama wa soko la samaki la Mwaloni, wote wananisimulia yaleyale: kiu na uchovu, chupa ya kwanza, kiu zaidi, chupa ya pili. Kafeini inaficha uchovu tu. Sukari ya chupa inaongezeka juu ya ile iliyokwisha kujaa, unakojoa usiku kucha, unaamka na kiu. Soda nayo ni vilevile. Ndugu yangu, acha. Kunywa maji, ukapime.

Nipo kisiwani. Si ningoje mbalamwezi, tukipumzika kuvua?
Usingoje. Nasema tena, usingoje. Mnaletwa mmeshalegea, mkisema mlikuwa mnasubiri mwezi. Ukianza kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na haraka au kusinzia hovyo, hiyo ni dharura inayoua. Panda boti ya kwanza, hata kama nyavu zimo majini.

Jirani alipona kwa mizizi. Nijaribu kwanza?
Hapana. Na kama umeshaanzishiwa dawa, usiziache kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imetoka kwenye dawa.

Kipimo kinauma?
Ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka palepale. Asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 (mmol/L) na kuendelea ni kisukari, ila kama huna dalili kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Mwenye dalili, hata kama amekula, 11.1 na kuendelea inatosha kusema ni kisukari. Zahanati ikiwa haina kipimo, uliza kituo kilicho nacho, uende siku hiyohiyo.