Hatukumpunja mwanao

"Nesi, dada yake alichomwa sindano mbili za HPV, huyu mnamchoma moja. Nyingine mmeiuza?" Mama huyo wa Mbagala aliuliza huku anacheka, ila wenzake nyuma walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika.

Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, ilipoanza nchi nzima mwaka 2018, binti wa miaka 14 alipewa dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Katikati hapo ushahidi uliongezeka, na mwingine ni wa kwetu: Mwanza, wasichana 930 waligawanywa kwa bahati nasibu kupata dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote wa dozi moja walikuwa bado na kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya kirusi hicho.

Kinachoniudhi ni kudhani dozi ni vocha, kila ukiongeza salio linapanda. Chukua surua. Kwenye miezi 9 wapo watoto ambao bado wana kingamwili za mama, zinaizima chanjo kabla haijafanya kazi. Katika watoto 100, takriban 85 ndio inawashika. Ile ya miezi 18 tunawatafutia hao 15, wale 85 haiwaongezei kikubwa. Na kwa kuwa hakuna aliyeandikwa usoni, tunawachoma wote. Pepopunda ni habari nyingine, kinga yake hushuka kweli, ndiyo maana wajawazito tunawarudia. Homa ya manjano? Kadi yake ya safari ilikuwa ya miaka 10, tangu Julai 2016 ni ya maisha. Aliyelipia tena baada ya hapo kalipia mhuri.

Sasa yale tusiyoyasema kwenye kipaza sauti. Kingamwili za dozi moja ya HPV ziko chini kuliko za mbili, na hakuna kiwango kilichothibitishwa kwamba ukishuka hapa huna kinga. Uhaba wa chanjo duniani nao ulisukuma uamuzi: dozi moja inafikia mabinti wengi zaidi. Mimi ningelisema wazi, watu si watoto.

Halafu kuna binti anayeishi na VVU. Huyo moja haimtoshi, anahitaji angalau mbili, ikiwezekana tatu. Tukiimba "moja tu" shuleni, yeye anapotea kwenye foleni. Mama, usimtaje mbele ya darasa. Njoo naye kliniki na kadi yake, tuongee chemba.