Simu, uvumi na ukimya wa wakubwa: niliyoyasikia Goma

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano wa wazazi wa kartie (mtaa) moja upande wa Majengo, hapa Goma, mashariki ya Kongo. Walitaka niwaeleze namna ya kuwalinda watoto na mitandao. Kabla sijafungua daftari langu, mzee mmoja alisimama, akatoa simu mfukoni na kuiweka mezani mbele yangu kama mtu anayemkabidhi mwizi kwa polisi. "Mwalimu," akasema, "hii kitu njo ilituharibia batoto. Mbele yake tulikuwa tunaishi muzuri." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sikumjibu pale pale. Mzee wa umri ule hajibiwi harakaharaka mbele za watu, na swali lake ni zito kuliko muda niliopewa. Nimekaa nalo tangu siku ile, na ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa kumwambia.

Kazi yangu ni kusikiliza uvumi. Niliianza mwaka 2018, baada ya Ebola kutangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti. Tulitoka kila asubuhi na fomu: soko la Virunga, Birere, kwenye maegesho ya pikipiki, nje ya makanisa, kwenye vilio. Tuliandika maneno ya watu jinsi walivyoyasema, bila kuyasahihisha wala kubishana nao. Ebola ni biashara. Wanachukua viungo vya maiti. Chanjo ya wakubwa si hii wanayotuchoma sisi. Jioni tuliyapanga maneno hayo kwa aina, ili wiki inayofuata yajibiwe redioni na kwenye mikutano ya nyumba kumi.

Chini ya fomu kulikuwa na swali fupi: umesikia wapi? Nilidhani jibu nalijua, na nilikuwa tayari kuandika "WhatsApp" mpaka mkono uchoke. Lakini mama wa sokoni alisema amesikia kwa dada yake aliyetoka Butembo, mji wa kaskazini mwa mkoa wetu. Motari, yaani dereva wa pikipiki, alisikia kwa abiria. Mwingine alisikia kwenye kilio, usiku, watu wakiota moto. Simu ilitajwa, ndiyo, ila mara nyingi ilikuja nyuma ya mtu, kumthibitishia jambo ambalo tayari alikuwa ameliamini.

Halafu ikaja Desemba. Tarehe 26 Desemba 2018 ilitangazwa kwamba uchaguzi wa Beni na Butembo utaahirishwa hadi Machi, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Kesho yake waandamanaji walikishambulia kituo cha Ebola huko Beni. Sehemu nyingine zote za nchi zikapiga kura tarehe 30, na tarehe 31 intaneti ikakatwa nchi nzima, kwa karibu wiki tatu. Kama simu ndiyo mama wa uvumi, zile wiki tatu zingekuwa za utulivu. Daftari langu la Januari 2019 ninalo bado, na kurasa zake zimejaa mpaka pembeni. Watu walikuwa wameambiwa kwamba ugonjwa ule ndio uliowanyima kura. Hawakuhitaji mega za intaneti ili kuunganisha mambo hayo mawili. Tena, kukatwa kwa intaneti kwenyewe kukawa uvumi mpya: wanaficha nini?

Kuna utafiti ambao naurudia kila ninapofundisha, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018. Zaidi ya robo yao walisema Ebola haipo. Hiyo ndiyo tarakimu inayowashtua watu. Mimi inanishtua nyingine: asilimia 31.9 tu ndio waliosema wanaamini kwamba mamlaka za mahali pao zinatetea maslahi yao. Waliokosa imani hiyo ndio waliokuwa wagumu zaidi kuikubali chanjo. Mtu ambaye miaka yote ameona nyumba zikichomwa na wauaji wasikamatwe, siku anapomwona mgeni ndani ya gari jipya akimwambia nimekuja kuokoa maisha yako, anauliza: ulikuwa wapi siku zote? Hilo ni swali la haki, na halikutoka Facebook.

Na sisi tulilijibu vibaya. Tulibandika karatasi kila ukuta zikisema Ebola ni ugonjwa wa kweli. Lakini ukisoma fomu kwa utulivu, wengi hawakuwa wanauliza kama ugonjwa ni wa kweli. Mama mmoja aliniambia hivi, na nanukuu kutoka daftarini: "Mutoto wangu aliingia mule na miguu yake. Banamutosha ndani ya sachet, sikumuona uso. Nitajua aje kama ni yeye?" Bango gani linamjibu mama huyo? Jibu lilikuja kwa mikono. Mifuko ya maiti yenye sehemu angavu ilianza kutumika ili familia ione uso kabla ya kuzika. Huko Beni shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu, vinavyoitwa CUBE, ambamo mgonjwa analala na ndugu zake wanamwona na kuongea naye kutoka nje bila kuvaa yale mavazi ya kutisha. Uvumi wa viungo kuibwa haukuisha kabisa, lakini nilianza kusikia sentensi ambayo sikuwahi kuisikia kabla: "Nimeona kwa macho."

Kwa hiyo yule mzee anaposema zamani tuliishi vizuri, namsikitikia, kwa sababu zamani hiyo naijua. Goma ilipokea karibu watu milioni moja kutoka Rwanda mnamo Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari. Miongoni mwa vitu vilivyotangulia mauaji yale ni redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993 na kuwaita Watutsi mende hewani. Hapakuwa na simu ya mkononi mitaani wala grupu la WhatsApp. Mnamo Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waasisi wawili wa redio ile pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Mahakama iliwahukumu watu, redio kama chombo haikusimama kizimbani, na mwaka 2002, kwa mawimbi ya aina ile ile, Radio Okapi ilianza kutusomea habari kwa Kiswahili, Kilingala, Kifaransa, Kikongo na Tshiluba.

Hapa ndipo wenzangu wengi wanapoishia. Wanasema chombo ni chombo, kisu kinakata nyama na kinaua mtu, tumalize mjadala. Mimi sikubali. Simu haifanani na kisu, na nililijua hilo usiku ambao volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Anga la upande wa mlima lilikuwa jekundu na watu walikuwa tayari barabarani, magodoro kichwani, wakati neno rasmi bado halijatufikia. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Ndipo ikaja odio moja, ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Naikumbuka vizuri kwa sababu niliisikiliza pengine mara thelathini ili kuiandika. Ni ya chini ya dakika moja. Mwanaume anaongea kwa kuhema, nyuma yake injini ya gari inanguruma. Anasema rafiki yake anayefanya kazi kwenye kituo cha volkano amempigia: ziwa litapasuka saa nane usiku, gesi itatoka, atakayelala hataamka. Hakutaja jina lake wala la rafiki, na hakusema ni saa nane ya usiku upi. Odio ile ilinifikia Jumatatu, ikanifikia tena Jumatano, na kila waliponitumia waliamini ni usiku wa siku hiyo.

Ubaya ni kwamba haikuwa ya kipuuzi. Ziwa Kivu lina gesi kweli, takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Ziwa Nyos la Kamerun liliachia gesi mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Na alfajiri ya tarehe 27 Mei, amri rasmi ya kuhama kartie 10 za mji ilipotoka, nayo ilitaja hatari ya ziwa. Uvumi wenye nguvu huwa na kokwa la ukweli ndani yake. Mtu yule alichukua hatari ambayo wataalamu wanaijua, akaipachika saa.

Wataalamu wenyewe walikuwa wapi? Kituo chetu cha volkano, OVG, kilikaa miezi kadhaa bila intaneti kwa kukosa fedha, tangu mwishoni mwa 2020 hadi Aprili 2021, na bila intaneti hakikuweza kupokea vizuri taarifa za mitambo iliyoko mlimani. Mtaani kila mtu alikuwa na mega za kusambaza odio, na waliopaswa kusikiliza mlima walikosa. Nikilifikiria hilo hadi leo nafsi yangu hainipi utulivu.

Mama yangu alikimbia lava ya Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji. Aliamshwa na jirani aliyegonga dirisha na kumwita kwa jina. Jirani yule alimwambia pia uongo mmoja, kwamba njia ya kwenda Sake imefungwa. Lakini mama alimuuliza: umeiona wewe? Naye akajibu, nimeambiwa. Mama akapita njia hiyo hiyo, akafika. Miaka yote iliyofuata jirani alitaniwa kwa ajili ya usiku ule, na siku nyingine alipoleta habari watu walimuuliza maswali zaidi. Uvumi wa zamani ulikuwa na uso. Ulikuwa na mlango unaoweza kwenda kuugonga asubuhi. Odio ya WhatsApp inafika ikiwa na sauti ya binadamu, woga wa binadamu, hata pumzi yake, lakini huwezi kumuuliza "umeona wewe?" Anayekutumia ni shemeji yako unayempenda, na upendo huo ndio unaokufanya uamini sauti ya mtu usiyemjua.

Mpango huu wa sauti zisizo na uso una watengenezaji wake. Wengi wetu hatununui intaneti yote, tunanunua mega za WhatsApp peke yake kwa sababu ndizo za bei rahisi. Ukitumiwa kiungo cha habari unaona kichwa na picha, ukibonyeza hakifunguki. Kusambaza ni bure, kuhakikisha kuna bei. Anayemlaumu mama wa soko kwa "kutokuhakikisha" amuulize kwanza siku hiyo ameuza nini.

Halafu kuna kile kitufe cha kusambaza. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza dunia nzima idadi ya sehemu unazoweza kusambazia ujumbe kwa mara moja, zikawa tano. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati. Kampuni yenyewe ikatangaza kwamba ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Watu hawakuwa wamebadilika ndani ya majuma yale, wala hawakuwa wamepata elimu mpya. Mlango ulipunguzwa upana, wakapita wachache. Basi aliyeujenga ukiwa mpana vile naye ana sehemu yake, na asijifiche nyuma ya watumiaji.

Kuhusu watoto, ambao ndio uliokuwa uchungu wa mzee, nina maneno machache. Vijana wanaokesha na simu kwenye mzunguko wa Signers, hapa mjini, wengi nimewafundisha. Wana diploma na hawana kazi. Nyakati ambazo benki za mji zimefungwa na barabara zimezibwa, simu ile ile ndiyo mfuko wao wa pesa, na ndiyo njia ya kusikia sauti ya ndugu aliye ng'ambo ya vita. Ukimnyang'anya, unampa nini mahali pake?

Mkutano ulipoisha mzee alinifuata nje. Simu alikuwa ameichukua tena mezani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wajukuu zake hawajaenda shule siku mbili, kwa ajili ya odio inayosema kuna gari linaiba watoto upande wa Ndosho. Tukakaa kwenye jiwe la lava tukaisikiliza. Nikamuomba tumpigie aliyemtumia. Ni binti yake, yuko Bukavu. "Papa, niliipata mu grupe ya kanisa," akasema. Tukampigia mama wa kanisa aliyeiweka. Yeye aliipata kwa mdogo wake. Mdogo wake akatupa namba ya kijana mmoja wa Uvira. Kijana alikuwa mpole, akatafuta kwenye simu yake huku tukimngoja. "Sijue ni ya nani," akasema. "Niliikuta tu. Lakini hapa inaonesha ni ya mwaka jana."

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniomba uniti za kupigia simu, akampigia binti yake tena, akamwambia afute na aliambie kanisa zima lifute. Asubuhi wajukuu walikwenda shule. Aliwasindikiza mwenyewe hadi langoni, fimbo mkononi, kwa sababu woga ulikuwa bado haujamtoka.