Ukingoja mzuka, utangoja sana

Nina daftari lenye kurasa tatu za riwaya. Kurasa hizo zina umri wa miaka minne. Kila nilipojiuliza kulikoni, nilijipa majibu matamu, na karibu yote yalikuwa ya kusikia tu.

Dhana: Kazi ya ubunifu hutaka mzuka kwanza.

Hii ndiyo mama yao wote. Tunaiamini kwa sababu kuna siku maneno hujileta yenyewe, na siku hizo hatuzisahau. Tunachosahau ni kwamba mara nyingi zilitukuta tumeshaketi.

Mwingereza Anthony Trollope, wa karne ya 19, alikuwa mwajiriwa wa posta. Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele ya macho, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa, kisha huyo kazini. Aliacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, yeye akiwa ameshafariki, wapo waliomshusha hadhi kwa utaratibu huo. Mwenyewe alikuwa ameshajifananisha na fundi viatu, wala hakuona haya.

Tiba ya sonona nayo ina njia inayokwenda mkondo huo huo. Mgonjwa haambiwi asubiri hamu irudi ndipo ainuke. Hupangiwa kitendo kidogo, akifanye hata kama moyo haupo, na hamu hufuata nyuma, polepole. Sisi tusioumwa tumeligeuza jambo hili kichwa chini miguu juu.

Kinachosaidia ni kukifunga kitendo kwenye jambo ambalo litatokea tu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameitafiti sana mipango ya aina hii: likitokea hili, nafanya lile. “Mwaka huu namaliza riwaya” hakushikiki. “Nikishapiga mswaki asubuhi, nafungua daftari na kuandika sentensi moja” kunashikika, hata ukiwa umeamka vibaya.

Dhana: Anayeahirisha ni mvivu.

Jumamosi moja nilikusudia kuandika. Hadi jioni nilikuwa nimefua mapazia, nimepanga kabati na kusugua sakafu. Mvivu gani huyo? Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni njia ya kukimbia hisia mbaya inayokuja na kazi: hofu, kuchoshwa, wasiwasi kwamba kitakachotoka kitakuwa kibovu. Ukiikwepa kazi unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kuikwepa tena kesho. Kwa hiyo kujitukana hakusaidii, kunaongeza tu hisia nyingine mbaya ya kuikimbia. Mimi nilijiruhusu kuandika ukurasa mbaya kwa makusudi. Ukurasa wa nne upo sasa, na ni mbaya kweli kweli.

Dhana: Siku 21 zinatosha kujenga mazoea.

Namba hii ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno “angalau” likadondoka njiani, na kuizoea sura kukageuka kuwa kuzoea jambo lolote. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakakadiria wastani wa siku 66, kuanzia 18 hadi 254. Na hayo yalikuwa mambo mepesi kama kunywa maji, si kutunga. Lililonifariji zaidi ni jingine: kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Ukikosa Jumanne, Jumatano bado ipo.

Dhana: Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuhusu wahitimu wa mwaka 1953 ulithibitisha kuwa walioandika malengo yao walitajirika kuliko wenzao.

Utafiti huo haukufanyika. Waliousaka hawakuukuta. Andika malengo ukipenda, lakini si kwa sababu hiyo.

Dhana: Ukijiahidi zawadi, ari itapanda.

Mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Waliochora kwa sababu ya cheti walichoahidiwa, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko ambao hawakuahidiwa chochote. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakuathirika hivyo. Simaanishi uchore bure. Anayetaka kazi yako na akulipe. Ila ule mchoro wako wa jioni, unaouchora kwa kuupenda tu, usiuwekee bei.

Dhana: Hadi niache kazi ndipo nipate muda.

Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Toni Morrison, aliandika kabla ya mapambazuko, akiwa mhariri mwenye kulea wanawe wawili peke yake. Shaaban Robert alitunga akiwa mtumishi wa serikali, miaka mingi ya hiyo akiwa idara ya forodha. Mimi nina dakika ishirini baada ya mswaki, na ukurasa wa tano unanitazama.