Taa za ziada za pikipiki ya safari: maana yake na jinsi zinavyochaguliwa

Taa za ziada ni taa, kwa kawaida mbili, zinazofungwa mbele ya pikipiki ili kupeleka nuru mahali ambapo taa kubwa iliyotoka nayo kiwandani haifiki. Neno la kuzingatia katika maelezo hayo ni "mahali". Wanunuzi wengi huuliza taa ina mwanga mkali kiasi gani, ilhali swali lenye manufaa ni mwanga huo unaangukia wapi, kwa sababu taa yenye nguvu nyingi inayomulika vilele vya miti na lami iliyo chini ya gurudumu haimsaidii mwendeshaji, na juu ya hayo humpofusha anayekuja kutoka upande wa pili.

Haja yenyewe huonekana mtu akipiga hesabu. Pikipiki iendayo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Mwendeshaji akichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba kivuli kilicho mbele yake ni mnyama aliyesimama barabarani na kuanza kushika breki, amekwisha kula mita 42, na hata kwenye lami kavu, kwa breki nzuri, mwendeshaji wa kawaida huenda akahitaji mita nyingine zipatazo 55 hadi asimame kabisa. Jumla inakaribia mita 100. Mwanga wa karibu wa taa kubwa, yaani ule unaotumika wakati wa kupishana na wengine, kwa kawaida hauonyeshi vizuri hadi umbali huo.

Hapa ndipo lugha ya matangazo inapowachanganya watu. Lumeni hupima nuru yote inayotoka kwenye taa, bila kujali inaelekea wapi. Laksi hupima nuru inayoangukia sehemu fulani, yaani lumeni kwa kila mita moja ya mraba. Watengenezaji wengine huandika lumeni zilizokokotolewa kutokana na vijitaa vya LED vilivyomo ndani, si zile zinazobaki baada ya nuru kupita kwenye lenzi, ndiyo maana taa mbili zenye tarakimu moja kwenye boksi huweza kutofautiana sana barabarani. Laksi nayo ina ukali wake: umbali ukiongezeka maradufu, nuru hubaki robo. Taa inayotoa laksi 4 kwenye umbali wa mita 100 hutoa laksi 1 tu kwenye mita 200. Kwa hiyo ukiona imeandikwa kwamba taa "hufika mita 300", uliza imepimwa kwa laksi ngapi. Kipimo kinachotumika sana ni laksi 1, ambayo ni kama mara tatu au nne ya mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa nuru hiyo utamwona mtu aliyevaa nguo nyeupe, lakini shimo la barabarani hutaliona.

Umbo la mwale ndilo linaloamua kazi ya taa. Mwale mwembamba hukusanya nuru katika pembe ndogo na kuitupa mbali, hivyo hufaa barabara iliyonyooka inayoendwa kwa kasi. Mwale mpana hauendi mbali ila huonyesha kingo za barabara, na kingo ndiko kinakotokea karibu kila kitu cha kushtua. Taa ya ukungu ni ya aina ya tatu: mwale wake ni mpana sana, umekatwa bapa kwa juu, na hufungwa chini ili nuru ipite chini ya macho ya mwendeshaji badala ya kugonga matone ya ukungu na kumrudia usoni. Kuiita taa ya ukungu kila taa ndogo inayofungwa chini ni kosa. Kama mwale haujakatwa kwa juu, jina hilo haliistahili.

Pikipiki ina tatizo moja ambalo gari halina. Inapolala kwenye kona, taa kubwa hulala nayo, na upande wa ndani wa kona, ambao ndio mwendeshaji anauhitaji, huingia gizani. Kwa sababu hiyo naona kwamba anayeweza kununua jozi moja tu achague mwale mpana wa kadiri, hata kama ule mwembamba unavutia zaidi dukani. Lakini upana nao una mipaka. Nuru ikizidi kwenye mita chache za mbele ya gurudumu, mboni za macho husinyaa, na mwendeshaji akajiona anaona vizuri sana kumbe uwezo wake wa kuona mbali umepungua.

Rangi ina uzito mdogo kuliko unavyosikia. Njano haipenyi ukungu kuliko nyeupe, kwa kuwa matone ya ukungu ni makubwa kiasi cha kutawanya rangi zote karibu sawa. Faida yake ni kwamba wengi huiona haichoshi macho kama nyeupe yenye ubuluu.

Umeme huhitaji uangalifu. Jozi ya halojeni za wati 55 hula wati 110, yaani zaidi ya ampea 9 kwenye mfumo wa volti 12, mzigo ambao alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) ya pikipiki ndogo, ikiwa tayari inalisha taa kubwa na vishikio vya joto, huenda isiumudu. Jozi ya LED za wati 10 hula chini ya ampea 2. Vyovyote iwavyo, umeme utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu nayo, na swichi iamrishe rilei, yaani swichi ya pili inayoendeshwa kwa umeme mdogo na kubeba umeme mkubwa wa taa, badala ya kubeba mzigo wenyewe. Taa za mwale wa mbali ziunganishwe ili zizimike pamoja na mwanga wa mbali wa taa kubwa, maana hakuna mtu mwenye mkono wa tatu wa kuzizima wakati wa kupishana. Kabla ya kulipa, tafuta pia alama ya herufi E iliyoandamana na namba, inayoonyesha kwamba taa imeidhinishwa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa, na usome sheria ya unakopita, kwani baadhi ya taa huuzwa kwa matumizi ya nje ya barabara za umma tu.

Kazi ya mwisho ni kulenga, na hufanywa pikipiki ikiwa imebeba mizigo yake yote na mwendeshaji ameketi juu yake, mbele ya ukuta, kwenye sakafu iliyo sawa. Kitovu cha mwale wa mbali kikae kwenye kimo cha taa yenyewe au chini yake kidogo. Ukingo wa juu wa mwale wa ukungu ukae chini ya kimo hicho. Mizigo ya nyuma ikiinua pua ya pikipiki kwa nyuzi moja tu, mwale hupanda takriban mita 1.75 kwenye umbali wa mita 100, hivyo anayelenga taa pikipiki ikiwa tupu, kisha akapakia masanduku na abiria, huwa amelenga macho ya wenzake.