Majani ya Tembo: Yakate Kabla Hayajakupita Kimo

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akiona majani yake ya tembo yamemzidi kimo mara mbili, hufurahi kuwa ana akiba. Sisi tunaoshughulika na malisho hatufurahi naye. Yakiwa na wiki 6 hadi 8 tangu yalipokatwa, majani haya huwa laini na yenye protini ya kuridhisha. Yakiachwa yakomae, bua hukakamaa na protini hushuka. Ikipungua chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kumeng'enya nyuzinyuzi hukosa chakula. Mnyama hula kidogo, na maziwa hupungua huku hori limejaa.

Majani ya tembo ni ya asili ya Afrika ya kitropiki. Wataalamu wa mimea waliyaita Pennisetum purpureum, na siku hizi Cenchrus purpureus. Shina moja huchipua miaka mingi na kufika mita 4 au zaidi. Hupenda udongo wenye kina na unyevu, lakini maji yasituame. Ndiyo maana Unguja yanafaa zaidi upande wa magharibi, sehemu kama Kizimbani na Dole. Pemba yanafaa kwenye miteremko, ambako yakipandwa kwa kukinga mteremko huzuia pia udongo usichukuliwe na mvua.

Maweni ya Makunduchi, Unguja, au Micheweni, Pemba, ni habari nyingine. Huko udongo ni haba juu ya jiwe, na maji hayakai. Mwenye ng'ombe wa huko apande mashina machache penye udongo uliojikusanya kati ya mawe, atie samadi kwa wingi, na asitarajie shamba zima.

Panda masika inapoanza. Usihangaike na punje zake, kwani nyingi hazioti. Kata mabua yaliyokomaa vipande vyenye vifundo 3, uvichomeke kwa mshazari, vifundo 2 ndani ya udongo, macho yakielekea juu. Acha mita 1 baina ya mistari na nusu mita baina ya mashina. Palilia mpaka majani yafunike ardhi. Baada ya hapo magugu hayana nguvu tena.

Mkato wa kwanza huwa baada ya miezi 3 au 4, kisha kila wiki 6 hadi 8, na kiangazi kikikaza utangoja zaidi. Bakisha kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Anayekwangua mpaka chini hudhoofisha shina. Vaa mikono mirefu, maana vinyweleo vya majani vinawasha. Kila mzigo unaobeba unaondoka na rutuba ya shamba, kwa hiyo samadi ya bandani irudi palepale kila baada ya mkato. Hapa ndipo wengi huharibikiwa: samadi inarundikana nyuma ya banda, shamba linafifia, kisha lawama zinaangukia mbegu.

Ng'ombe wa kilo 400 atahitaji kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo huo ni maji. Yanyaushe kidogo, yakatekate, uchanganye na majani ya lukina au glirisidia, miti ya jamii ya kunde, kuongeza protini.

Na akiba je? Ile ziada ya masika ikatekate ikiwa bado laini, uishindilie ndani ya pipa au mfuko mzito wa plastiki pamoja na molasi kidogo, hewa yote itoke, kisha ufunge. Baada ya mwezi mmoja au zaidi itakuwa sileji, yaani malisho yaliyochachuka bila kuoza, na ikiwa hewa haijaingia itakufikisha kiangazi. Mimi ningechagua pipa moja la sileji kuliko ngwe nzima ya mabua makavu yaliyosimama.

Usiyapande karibu na bonde la mpunga wala ukingoni mwa msitu wa hifadhi, kwani yakishika mahali kuyang'oa ni kazi. Ukiomba vipande vya kupandia kwa mwenzio, kagua kwanza shamba lake. Kuna ugonjwa wa kudumaa ambao umewatesa wafugaji wa Kenya na Uganda: majani huwa madogo na ya manjano, na shina haliinuki tena baada ya kukatwa. Huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu na pia kwa vipande vya kupandia. Usivushe vipande kutoka bara bila kupita kwa wakaguzi wa mimea bandarini, na shina lenye dalili hizo ling'oe pamoja na mizizi yake.