Intonesheni: kwa nini noti moja ya fidla ina zaidi ya mahali pamoja

Mtu akisema mpiga fidla fulani ana intonesheni nzuri, anamaanisha kwamba noti zake zinatoka kwenye kiwango chake sawasawa: haziko juu, haziko chini. Maana hiyo inatosha kwa mazungumzo ya kawaida. Anayejifunza fidla, viola, selo au besi kubwa, hata hivyo, hukutana mapema na swali ambalo maana hiyo hailijibu: sawasawa na nini?

Kwenye piano swali hilo halimhusu mpigaji. Fundi alishalimaliza alipokuwa akituni. Kwenye gitaa, freti za chuma hukata uzi mahali palipopangwa, na kidole kikitua popote kati ya freti mbili, noti inatoka ileile. Fidla haina freti. Ubao wake wa vidole ni mweusi, laini na mtupu, na kidole kikikosea kidogo, sauti inayotoka ni ya pale kilipotua, si ya pale mpigaji alipokusudia.

Vipimo vyenyewe ni vidogo. Fidla ya mtu mzima ina uzi wenye urefu wa takriban milimita 325 kutoka kizingiti cha juu, karibu na vigingi, hadi kwenye daraja, kipande cha mbao kinachoinua nyuzi. Nyuzi ni nne, kutoka nene hadi nyembamba: G, D, A na E, na kila uzi umepishana na jirani yake kama do inavyopishana na so. Uzi wa A hutuniwa kwa hezi 440, yaani unatikisika mara 440 kwa sekunde, ingawa okestra nyingi hupanda kidogo hadi 442 au 443. Ukibonyeza uzi, sehemu inayotikisika inafupika na sauti inapanda. Kidole cha kwanza kikiwa mahali pake pa kawaida kwenye uzi wa A, kuteleza milimita moja tu kunabadilisha sauti kwa takriban senti 6. Senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni (hatua kati ya vitufe viwili jirani vya piano), na sikio lililofunzwa huanza kusikia tofauti kwenye kiwango hichohicho. Ukipanda oktava nzima, yaani kutoka do hadi do inayofuata, juu ya uzi, sehemu iliyobaki ni nusu, na milimita ileile inakuwa takriban senti 11. Huko juu kabisa nusu toni ni nyembamba kuliko kidole chenyewe, kwa hiyo kidole kimoja hulazimika kuondoka ili kingine kipate pa kukaa.

Ukiishia hapa, utadhani intonesheni ni kazi ya kulenga shabaha ndogo, na kwamba mwenye vidole makini atashinda. Nusu ya jambo ndiyo hiyo. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu, ni kwamba shabaha yenyewe huhama.

Tuanze na kutuni. Mpigaji huvuta upinde juu ya uzi wa A na uzi wa D kwa pamoja, akisikiliza. Kila uzi hutoa sauti yake kuu pamoja na sauti nyingine nyembamba juu yake, zenye mitikisiko mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile kuu. A mara mbili ni hezi 880. D mara tatu inapaswa kufika hapohapo. Zikikaribiana bila kukutana, unasikia sauti ikivimba na kunywea, ikivimba na kunywea, na kadiri zinavyosogeleana ndivyo wimbi hilo linavyokuwa la polepole. Ukituni D kwa programu ya simu, iliyopangwa kama piano ambako oktava imegawanywa nusu toni 12 zilizo sawa kabisa, D inakuwa hezi 293.67. Mara tatu yake ni 881. Inazidi 880 kwa moja, kwa hiyo utasikia wimbi moja jepesi karibu kila sekunde. Mpiga fidla hushusha D chembe tu, hadi 293.33, na wimbi linanyooka. Tofauti haifiki hata senti mbili zote, lakini nyuzi mbili zinakuwa kama sauti moja pana, na ukishaisikia mara moja hutataka kuiacha.

Nyuzi zikishakaa hivyo, weka kidole cha kwanza kwenye uzi wa A upige noti B. Ipige pamoja na uzi wazi wa E. Kutoka B hadi E ni sawa na do hadi fa, na muungano huu husafika B ikiwa hezi 495. Kidole kiko takriban milimita 36 kutoka kwenye kizingiti. Sasa usikisogeze. Hamisha upinde tu, upige B hiyohiyo pamoja na uzi wazi wa D. Hapa D ni do na B ni la, na sauti inachachuka: inagombana, inatetema kwa kasi. Ili itulie, B lazima ishuke hadi karibu hezi 489, na kidole kirudi nyuma hadi milimita 32 na nusu. Umetembea zaidi ya milimita tatu na nusu. Sauti imeshuka zaidi ya senti 21, yaani moja ya tano ya nusu toni nzima, na kwenye karatasi noti imeandikwa vilevile.

B ipi ni sahihi? Zote mbili. Ya kwanza ni sahihi mbele ya E, ya pili ni sahihi mbele ya D. B ya piano, hezi 493.9, iko katikati yao, karibu zaidi na ile ya juu, na haikubaliani kikamilifu na uzi wowote kati ya hiyo miwili.

Sababu ni ya hesabu, na haina dawa. Kutoka do hadi so safi ni uwiano wa mitikisiko wa 3 kwa 2. Panda hivyo mara nne kuanzia G: unapita D, A, E, unafika B. Ishushe oktava mbili, na uwiano wake na G ni 81 kwa 64. Lakini mi inayotulia juu ya do ina uwiano wa 5 kwa 4, ambao ni sawa na 80 kwa 64. Themanini na moja, themanini. Pengo hilo dogo limewashughulisha wanahesabu wa muziki tangu Wagiriki wa kale. Piano hulificha kwa kupotosha kila kitu kidogo. Mpiga fidla hulibeba kwenye kidole chake na kuamua, noti kwa noti, upande gani aufuate.

Giuseppe Tartini, mpiga fidla aliyefundisha kwa miaka mingi mjini Padua, Italia, na kufariki mwaka 1770, aliwapa wanafunzi wake kipimo kisichohitaji kifaa. Alisema aligundua mwaka 1714 kwamba noti mbili zikipigwa kwa nguvu na kwa usafi, sauti ya tatu husikika chini yake, ingawa hakuna uzi unaoipiga. Mtikisiko wake ni tofauti ya mitikisiko ya zile mbili. Chukua D na ile B ya chini: 488.9 ukitoa 293.3 unapata takriban 195.6, ambayo ni G iliyotuniwa vizuri. Yaani unapiga noti mbili na ya tatu inakuja yenyewe kukamilisha. Chukua sasa B ya juu, 495: tofauti ni karibu 201.7, sauti isiyo G wala G shapu (G iliyopandishwa nusu toni), na sikio linaikataa. Ijaribu ndani ya chumba kidogo, fidla ikiwa karibu na sikio kama kawaida yake, na uvute upinde kwa uzito bila kukwaruza. Inasikika kama mvumo mzito.

Noti zikifuatana mojamoja, bila kuunganishwa, sikio hubadili matakwa yake. Aliyeimba kwaya kwa do-re-mi anaijua ti: inataka kwenda do, haitulii. Wapiga fidla na selo wengi huisogeza ti juu kidogo, karibu na do, ili mvuto huo usikike. Pablo Casals, mpiga selo wa Katalonia aliyeishi kuanzia 1876 hadi 1973, alilifundisha jambo hili kwa msisitizo mkubwa: nusu toni kwake zilikuwa na mwelekeo, na kuzipiga zote kwa upana mmoja kulikuwa ni kuua wimbo. Muziki wa Kiarabu unakwenda mbali zaidi. Katika Rast, mojawapo ya maqam, yaani mifumo ya noti ya muziki huo, noti ya tatu ukianzia C iko kati ya E flati (E iliyoshushwa nusu toni) na E, mahali ambapo piano ya kawaida haina kitufe, na fidla hufika huko bila kubadilishwa chochote. Ubao mtupu unaomtesa anayeanza ndio uliofanya chombo hiki kipokelewe katika muziki wa aina nyingi kiasi hicho.

Basi anayeanza abandikiwe vibandiko kwenye ubao au la? Mabishano haya ni ya zamani. Francesco Geminiani, mpiga fidla wa Kiitalia, katika kitabu cha mafunzo kilichotoka London mwaka 1751, alipendekeza mwanafunzi atie alama kwenye ubao wa vidole. Miaka mitano baadaye, huko Augsburg, Ujerumani, Leopold Mozart, baba wa mtunzi Wolfgang Mozart, alitoa kitabu chake na kuikemea tabia ya kubandika herufi za noti ubaoni: aliona kwamba mwenye sikio zuri hazihitaji. Kwa maoni yangu, vibandiko vinafaa kuupa mkono umbo lake mwanzoni, hasa kwa mtoto, kisha viondolewe mapema kuliko wengi wanavyothubutu. Macho yakishakuwa mwongozo, sikio hulala, na kuliamsha ni kazi ngumu. Ubaya mwingine ni ule tuliouona: kibandiko cha B ni kimoja, B ni zaidi ya moja.

Programu ya kutuni nayo ina mipaka hiyohiyo. Itumie kupata A, au kuthibitisha kwamba hujapotea kabisa. Lakini mwanafunzi anayepiga skeli, yaani noti za do hadi do kwa mfuatano, huku akitazama mshale wa kijani anajifunza kufuata mshale.

Fidla yenyewe ina msaada ambao hauhitaji betri. Weka kidole cha tatu kwenye uzi wa A, upige noti D, huku ukiutazama uzi wazi wa D ulio pembeni. Noti ikiwa mahali pake, uzi ule utatikisika wenyewe bila kuguswa, na ukiinua upinde utasikia mlio ukiendelea kidogo. Kidole kikiwa juu au chini kidogo, mtikisiko hunywea na sauti inakuwa kavu. G, D, A na E zote, popote zinapopigwa kwenye oktava za jirani, zina mwitiko huu. F, B flati na E flati hazina uzi wa kuziitikia, ndiyo maana skeli zenye flati nyingi ni ngumu kuzituliza na zina sauti ya gizagiza. Anza mazoezi kwa noti zinazoitikiwa, uzifanye nguzo, kisha zipime nyingine kutoka hapo.

Imba noti kabla ya kuipiga, hata kwa kunong'ona. Acha mlio mmoja mrefu wa do uendelee chini, kutoka kwenye programu au kwa mwenzako, upige skeli polepole juu yake. Na kidole kikitua pabaya, usikiburute hadi noti isafike. Kuburuta huuzoesha mkono kutua pabaya kisha kurekebisha, na kwenye wimbo wa kasi hakuna muda wa kurekebisha. Inua, sikia noti kichwani, tua upya. Vibrato, yaani kutikisa kidole juu ya uzi ili noti itetemeke, nayo isitumike kuficha kosa: msikilizaji husikia kitovu cha ule mtetemo, na kitovu kikiwa chini, noti iko chini.

Kwenye vyombo vikubwa kanuni ni ileile ila mkono hufanya kazi tofauti. Uzi wa selo una karibu sentimita 69, kwa hiyo karibu na kizingiti vidole jirani hubeba nusu toni kila kimoja, wakati kwenye fidla hubeba toni nzima bila taabu. Kwenye besi kubwa, ambayo uzi wake hupita mita moja, wengi hutumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne tu huko chini, cha tatu kikisaidia kubonyeza. Kosa la milimita moja huko halisikiki sana, lakini safari za mkono ni ndefu, na kutua baada ya safari ndefu ndiko kugumu.

Wanne wakikaa pamoja, fidla mbili, viola na selo, zile 81 na 80 hurudi tena. Selo ikituni kuanzia A kushuka D, G hadi C kwa usafi kamili, C yake ya chini inakuwa chini mno kwa E wazi ya fidla, na mi inachachuka juu ya do. Kwa hiyo wengi hubana kila hatua kidogo wanapotuni, ili C ipande chembe, na mpiga fidla naye huikwepa E wazi na kuipiga kwa kidole cha nne kwenye uzi wa A, ambako anaweza kuishusha hadi itulie juu ya C ya mwenzake.